Msinipe Sadaka, Nikopesheni

(Maneno haya yalisemwa na mama mmoja fundi cherehani kutoka upande wa Njoro, kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia iliyofanyika Nakuru. Aliomba tusiandike jina lake. Tumeyaweka hapa karibu kama alivyoyasema.)



Nimeambiwa nizungumze juu ya mafunzo ya kazi kwa watu wenye ulemavu. Zamani tuliitwa viwete, halafu tukaitwa walemavu, siku hizi tunaitwa watu wenye ulemavu. Majina yamekuwa mazuri. Leo tuangalie kama na mambo yenyewe yamekuwa mazuri.

Mimi nilipatwa na polio nikiwa na miaka mitatu. Natembea kwa magongo, mnaniona. Nilipomaliza darasa la nane nilikaa nyumbani miaka mingi, nikichambua maharagwe na kulea watoto wa dada zangu. Mwaka 1994 nikapata nafasi kwenye kituo kimoja cha mafunzo, nikasoma ushonaji miaka miwili. Nikarudi nyumbani na cheti.

Cheti kile kilikaa chini ya godoro. Kushona najua, lakini cherehani sina. Wazee wa kijiji wakaona huruma, wakafanya harambee. Cherehani ikanunuliwa, ikaletwa kwa nyimbo, picha ikapigwa. Mama yangu alilia kwa furaha. Lakini jamani, ilikuwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu! Kule kituoni nilifundishwa kwa ile ya kuzungusha kwa mkono. Hakuna aliyeniuliza. Na mimi sikuthubutu kusema, kwa sababu utamkosoaje mtu aliyekuletea zawadi? Tuliifunika kwa kitambaa, tukaweka redio juu yake. Ilikaa hivyo miaka miwili. Watu wakipita wanasema, "Huyu tulimsaidia, lakini hataki kufanya kazi."

Mwaka 1998 kikundi cha akina mama wa kijiji chetu kikanikaribisha. Sikuingia kama mgeni wa kusaidiwa. Nililipa kiingilio, nikatoa mchango wa kila wiki kama wengine, pesa nilizopata kwa kuuza mayai. Baada ya miezi sita nikaomba mkopo, shilingi 4,000. Sehemu ya pesa hizo ilimlipa fundi aliyeiwekea ile cherehani mpini wa mkono. Sehemu nyingine nikanunua kitambaa cha sare za shule, na iliyobaki nikalipia kibaraza karibu na kituo cha matatu. Nilitakiwa kurudisha shilingi 400 kila mwezi kwa miezi 11, yaani 4,400 pamoja na faida.

Miezi mitatu nililipa vizuri. Mwezi wa nne mvua ikanyesha sana, barabara ikawa matope, wateja hakuna. Kwenye mkutano nikasema sina kitu. Mama mmoja akasimama akasema, "Tumsamehe deni, maskini, si mnaona hali yake?" Wengi wakakubali. Lakini mweka hazina akakataa. Alisema, "Mwenzetu alipofiwa na ng'ombe tulimwongezea mwezi mmoja. Na huyu tumwongezee mwezi mmoja. Deni atalipa."

Ndugu zangu, nilikasirika. Nilienda nyumbani nikilia. Lakini usiku nikafikiri, nikaona kwamba huyu mama ndiye mtu wa kwanza maishani mwangu kunidai. Tangu nizaliwe hakuna aliyenidai kitu. Mtu hadai asiyetegemea kulipwa. Nililipa deni lote, na mwaka uliofuata wakanichagua kwenye kamati ya mikopo.

Hapo hadithi yangu ingekuwa nzuri, kama ingeishia hapo.

Baada ya miaka michache, kijana mmoja kiziwi wa kijijini kwetu alirudi kutoka mafunzoni. Alijua kuchomelea vyuma, milango, madirisha. Baba yake akamleta kwenye kikundi kuomba mkopo wa mashine. Kamati ikauliza: "Atazungumza vipi na wateja? Atalipaje?" Na mimi, niliyekopeshwa, niliyejua cheti chini ya godoro ni nini, nilisema hapana. Nilisema pesa za akina mama zisichezewe. Yule kijana hakusikia maneno yangu, lakini uso wangu aliuona. Akaenda zake, na hatukumpata tena. Juzi shule yetu ilitaka madawati yachomelewe. Tukamwita fundi kutoka mjini, tukamlipa kazi na nauli juu. Kila nikipita pale shuleni naona aibu.

Ndiyo sababu nimekuja leo. Mafunzo ya kazi ni nusu ya safari. Nusu ya pili iko kijijini, na iko mikononi mwa vikundi kama hivi vyenu.

Serikali yetu ilianza jambo hili zamani. Baada ya waraka wa bunge wa mwaka 1968, idara ya ukarabati na mafunzo ya kazi iliundwa, na mwaka 1971 kituo cha Nairobi kikaanza. Baadaye vikajengwa vituo vingine mashambani. Sisi wa Nakuru tuna jirani huku na huku: kipo cha Nyandarua, na kipo cha Kericho. Wanafundisha ushonaji, useremala, kazi ya ngozi na nyingine. Wasioona wana chuo chao cha ufundi Machakos, na viziwi wana chao Karen, Nairobi. Kule Mombasa karakana za Bombolulu zilianza mwaka 1969, na watu wenye ulemavu wamepata riziki pale kwa kutengeneza mapambo na mikoba, wakiwauzia watalii. Ni kazi nzuri. Lakini kwenye kibaraza changu hapiti mtalii. Wanapita wanafunzi wenye sare zilizochanika. Kwa hiyo soko letu tulitafute hapa hapa.

Sasa niwaambie mambo sita ambayo kikundi kinaweza kufanya. Hayahitaji mfadhili.

Kwanza, hesabuni. Sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba watu 2.2 kwa kila 100 wenye umri wa miaka mitano na zaidi hapa Kenya wana ulemavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya kila sita duniani. Vipimo havifanani, najua. Lakini najua pia kwamba kuna nyumba ambazo mgeni akiingia, mtoto anafichwa chumbani. Tembeleeni kila nyumba, ongeeni na mama polepole, msiende kama polisi.

Pili, mwulizeni mwenyewe. Msiulize baba yake wala mama yake peke yao. Kama haongei, tafuteni anayejua ishara zake. Kila nyumba ina mtoto mmoja anayezijua. Mwulizeni anapenda kazi gani, anaweza nini, na anahitaji chombo cha namna gani. Mngeniuliza mimi swali moja tu, redio isingekaa juu ya cherehani.

Tatu, chagueni kazi kwa kuangalia soko. Molo na Elburgon kuna baridi, na mtu mwenye mashine ya kufuma sweta hakosi kazi. Kwenye kituo cha matatu, fundi wa viatu ana wateja tangu asubuhi. Lakini mkipeleka vijana watano wa kijiji kimoja kusoma ushonaji, mmewapeleka wakapigane. Na msifikiri kila asiyeona lazima asuke vikapu. Wapo wanaofuga kuku, wapo wenye maduka, wapo walimu.

Nne, tayarisheni kurudi kwake kabla hajaondoka. Siku anayoenda kituoni, kikundi kianze kuweka akiba ya vifaa vyake, na yeye mwenyewe au nyumba yake ichange. Tafuteni mahali pa kufanyia kazi pasipo na ngazi, karibu na barabara, penye choo anachoweza kuingia. Jambo la choo watu wanaona haya kulitaja, lakini limewafukuza wengi kazini.

Tano, mwandikisheni. Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu lilianza kazi mwaka 2004. Mtu anapimwa kwenye hospitali ya serikali, halafu anaandikishwa na kupewa kadi. Kupitia Baraza kuna mfuko wa kusaidia vifaa vya kazi, karo, na vikundi. Safari ya kwenda kupimwa ni ngumu kwa mtu wa magongo au wa kiti cha magurudumu, kwa hiyo kikundi kikodi gari moja, wende watano pamoja. Na mkijaza fomu ya vifaa, andikeni kabisa: cherehani ya mkono, au ya miguu!

Sita, mkopesheni na mdai. Sadaka ina mahali pake. Mtu mgonjwa sana, au asiyeweza kabisa, tumtunze. Lakini anayeweza, awe mwanachama: achange, akope, alipe, apige kura, na akikosa mkutano alipe faini kama mwingine. Mkimwongezea muda, mwongezeeni kwa sababu ambayo mngemwongezea yeyote.

Na wale wanaotaka kuajiriwa? Sheria iko upande wao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilitaka asilimia 5 ya nafasi za kazi itengwe kwa ajili yao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na utu. Mwaka 2025 ilipitishwa sheria mpya mahali pa ile ya 2003, na ile asilimia 5 imebaki, hata kwa waajiri wa kampuni za watu binafsi wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Maana yake, katika kila kazi 20, moja. Tena serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, akina mama, na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi wa sare kinaweza kuziomba.

Lakini sheria haitembei yenyewe kwa miguu; na mimi pia sitembei vizuri, kwa hiyo tunahitaji kusukumana. (Watu walicheka.) Kule Naivasha kuna mashamba ya maua. Kupanga maua na kuyafunga ni kazi ya macho na mikono, na kiziwi anaifanya sawa na mwingine. Anachokosa ni mtu wa kumfikisha. Kikundi kiandike barua: huyu tunamjua, ni mwaminifu, amefunzwa kazi hii. Mtu mmoja aende naye siku ya kwanza, amwonyeshe msimamizi ishara chache: njoo, simama, hatari, vizuri, kesho. Baada ya mwezi mmoja rudini mwulize, kwake na kwa msimamizi. Wengi wanaacha kazi mwezi wa kwanza kwa jambo dogo ambalo lingetengenezwa kwa maneno mawili.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wenye ulemavu tumekuwa wageni nyumbani kwetu wenyewe miaka yote. Tunapewa chakula, tunapewa kiti kizuri, tunasemwa kwa sauti ya pole. Hakuna anayetuletea jembe, tena jembe lenye mpini unaotufaa.

Yule mweka hazina amezeeka sasa. Huwa namshonea nguo za sikukuu, na ananilipa bei kamili, hataki kupunguziwa. Juzi nilimwambia nitakuja hapa. Akaniuliza, "Utawaambia na habari ya yule kijana?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nenda."



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba zipi zina mtu mwenye ulemavu? Ni nani kati yao ni mwanachama wa kikundi chetu?

2. Je, yuko mtu aliyerudi na cheti na amekaa tu nyumbani? Amekosa nini: vifaa, mahali, wateja, au sisi?

3. Tumewahi kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya ulemavu wake? Tufanye nini sasa?

4. Nani kati yetu atakwenda kumwuliza, na lini? Mwandike jina na tarehe kwenye kitabu cha kumbukumbu.