Kushindwa Kuzuia Choo Si Laana
(Hotuba kwa wakazi wa Ngoingwa, Thika)



Leo nazungumzia jambo ambalo wengi humficha hata daktari: choo kikubwa kutoka bila mtu kutaka. Kwa sababu hiyo mama huacha kupanda matatu, huacha chama, huacha kanisa. Si laana wala uchafu. Mara nyingi misuli au neva za njia ya haja kubwa ziliumia wakati wa kujifungua. Kisukari pia huharibu neva.

Matibabu huanza na chakula, dawa na mazoezi ya kukaza misuli ya kuzuia haja. Hayo yasipofaulu, kuna kifaa kidogo chenye betri, kilichoidhinishwa Marekani kwa tatizo hili mwaka 2011. Huwekwa chini ya ngozi, juu ya kalio, nacho huchochea neva za chini ya mgongo. Mgonjwa hujaribiwa kwanza kwa siku kadhaa. Lakini hakizibi tundu: mwenye fistula huhitaji upasuaji.

Kwa hivyo usijitibu kwa uvumi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ukitumwa Thika Level 5, nenda, na umweleze daktari wazi. Nawe mume, msindikize. Aibu haijamponya mtu.