Pensheni ya Ng'ambo na Tiba ya Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa Mkonze katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shuleni hapa)



Katibu aliponiandikia aliniachia nichague mwenyewe la kusema. Nadhani alitazamia niseme juu ya nidhamu na bidii ya masomo, kama walivyofanya walionitangulia. Mimi nitasema juu ya uzee. Naona wadogo zetu wa Kidato cha Pili wanacheka. Chekeni tu, lakini msilale, maana wengi wenu mnaota kwenda ng'ambo, na jambo ninalolileta huanza siku ile ile mtu anapopanda ndege akiwa kijana.

Nina mjomba wangu hapa Mkonze. Aliondoka nchini mwaka 1979 kwenda Uingereza, akafanya kazi kiwandani, kisha akaendesha mabasi, na kila juma alikatwa mchango wake wa bima ya taifa kama Mwingereza yeyote. Mwaka 2016 alitimiza miaka 65, akaanza kupokea pensheni ya serikali ya huko, na kabla mwaka haujaisha akarudi nyumbani kulima zabibu. Tulimpokea kwa ngoma. Hakuna aliyemwuliza swali lolote, nami niliyesoma Mlimani na kuajiriwa serikalini sikumwuliza pia.

Sheria ya Uingereza iko hivi. Pensheni yao hupanda kila mwezi wa Aprili kwa mstaafu anayeishi huko. Akihamia nchi yenye mkataba nao, kama Marekani, Jamaika au Mauritius, inaendelea kupanda. Akihamia Tanzania, Kenya au Uganda, inasimama pale pale ilipokuwa siku aliyohama, mpaka anakufa. Kiwango kamili kilichoanza Aprili 2016 kilikuwa pauni 155.65 kwa juma. Mwaka 2025 kilifika pauni 230.25. Kwa hiyo wazee wawili waliochanga sawasawa, mmoja akabaki London na mwingine akarudi Mkonze mwaka ule, walitofautiana pauni 74.60 kila juma, yaani karibu pauni 3,900 kwa mwaka. Na ajabu ya sheria hii ni kwamba mjomba akienda kuwatembelea wanawe, kwa majuma yale atakayokaa huko anaweza kudai kiwango cha sasa. Akitua Dodoma kinashuka tena.

Msidhani ni chuki kwa Waafrika. Wastaafu waliokwama hivi duniani ni zaidi ya 400,000, na wengi wao wako Australia na Kanada. Kanada imeomba mkataba ikakataliwa. Kwa hiyo ndugu zangu wanaoniambia kwamba Wizara ingeandika barua moja tu mambo yangekwisha, nawaomba wapunguze matumaini.

Pesa hata hivyo ni nusu ya habari. Mjomba ana ugonjwa wa sukari. Huko alikokuwa alitibiwa na kupewa dawa bila kulipa, naye akaamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba haki ile aliinunua kwa michango yake ya miaka 37. Sivyo. Tiba yao huenda na ukaazi. Aliyehama kwa kudumu ameiacha mlangoni. Mjomba hakuuacha uraia wake wa Tanzania, jambo ambalo namheshimu nalo, bali alikuwa na kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo. Kibali hicho nacho hufa mtu akikaa nje ya nchi ile zaidi ya miaka miwili mfululizo. Alipogundua hayo ilikuwa mwaka 2019, dawa zimeanza kumla akiba, na mlango umekwisha kufungwa. Sasa akitaka kwenda huko huomba viza ya mgeni kama mtu mwingine yeyote.

Tugeuze upande wa pili. Mwalimu aliyestaafu hapa kwetu hulipwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioanza Agosti 2018 baada ya kuunganishwa mifuko minne. Alichanga asilimia 5 ya mshahara na mwajiri wake asilimia 15. Kwa matibabu, kama alikuwa mchangiaji wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yeye na mwenzi wake huendelea kuhudumiwa baada ya kustaafu. Ni mpango mzuri, na tusiudharau. Lakini binti yake aliyeko Texas akimwita akakae naye alee wajukuu, kadi ile haimfai kitu huko. Bima ya wazee ya Marekani nayo haimpokei mgeni mpaka awe na ukaazi halali wa kudumu na awe ameishi huko miaka 5 mfululizo, tena kwa kulipia. Pensheni itamfikia kwa shilingi, na daktari atamdai kwa dola. Nimeona mabinti wenye mapenzi ya kweli wakiingia madeni makubwa kwa sababu ya nyonga ya mama iliyovunjika bafuni.

Na wala si lazima kuvuka bahari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege walikuwa wametumikia Nairobi, Kampala na Dar es Salaam bila kujali mipaka. Mpatanishi Mswisi, Victor Umbricht, alihangaika nayo miaka mingi hadi mkataba ukatiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984, mali ikagawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26, na kila nchi ikabeba pensheni za raia wake. Kwa Watanzania shauri lilifika Mahakama Kuu, na ni mwaka 2005 ndipo yalipopatikana makubaliano. Hata baada ya hapo ubishi wa hesabu haukwisha. Hesabuni wenyewe miaka kutoka 1977 hadi 2005. Wengine hawakuiona.

Jumuiya ya sasa ina Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake Baraza la Mawaziri limeagizwa kutunga kanuni za mafao ya wafanyakazi wanaovuka mipaka. Agizo ni jema. Lakini tazameni kijana wetu aliyefanya kazi miaka 10 hapa Dodoma na miaka mingine 10 Nairobi. Kwetu pensheni ya kila mwezi hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Miaka yake ya Nairobi isipohesabiwa pamoja na ya hapa, hupewa mkupuo wake na kuambiwa kwaheri, ingawa ametoa jasho miaka 20. Hilo ndilo ningependa wabunge wetu walisemee kwa sauti kubwa, kuliko yale ya kikokotoo wanayoyarudia kila bajeti.

Wenzangu watatu walioko Uingereza wameniandikia mwaka huu, kila mmoja anajenga nyumba Dodoma, kila mmoja anauliza arudi lini. Nimewajibu kwamba sijui mwaka wa kurudi, ila waulize kwanza mambo manne: miaka yao ya michango imefika mingapi, maana chini ya 10 huko hakuna kitu, pensheni itasimama kwa kiasi gani, kibali chao kitakufa lini, na nani atalipia dawa. Mmoja alinijibu kwa hasira kwamba mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yetu ni kuwatia watu hofu. Pengine.

Mjomba hajutii kurudi. Husema zabibu hazipandwi Birmingham. Kila wanapomletea ile fomu ya kuthibitisha kwamba angali hai, hana budi kuijaza, kutiliwa sahihi na shahidi mwenye taaluma, na kuirudisha katika majuma 16, la sivyo malipo husimamishwa. Ya safari hii imefika Jumanne. Yupo pale safu ya nyuma, na bahasha anayo mkononi. Mkuu wa Shule, atakufuata baada ya chakula, tafadhali uwe na kalamu.