Kimo Kabla ya Umbali: Kutafuta Njia Angani kati ya Bungoma na Kitale

Rubani mwanafunzi kwa kawaida hufundishwa kwanza mwelekeo, kisha umbali, mwendo na muda. Kimo humfikia baadaye, kama somo la pembeni. Mpangilio huo unaifaa nchi tambarare. Kwa anayeruka magharibi mwa Kenya, nadai kwamba hesabu ianze na kimo. Ushahidi wa kwanza uko hapa hapa kwetu. Mji wa Bungoma uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, yaani kama futi 4,600. Uwanja wa ndege wa Kitale unakaribia futi 6,100. Rubani anayeondoka Bungoma na kushika futi 7,000 ana futi 2,400 za hewa kati yake na mashamba ya miwa. Akifika Kitale, mshale wa altimita haujasogea hata kidogo, lakini juu ya mahindi ya Trans Nzoia zimebaki futi 900 tu. Ndege haikushuka, ardhi ndiyo iliyopanda. Wala altimita haikudanganya, kwa kuwa kazi yake si kupima ardhi. Hupima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa kimo kutoka usawa wa bahari, na hata hilo hulifanya vyema iwapo tu rubani ameiwekea mgandamizo uliotangazwa wa eneo analorukia. Akikosea hektopaskali 10, amekosea takriban futi 300, nayo ni theluthi nzima ya zile 900.

Umbali, kinyume chake, haututoi jasho. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Dakika ya longitudo husinyaa kadiri mtu anavyoiacha ikweta, hata ikifika London haitimizi theluthi mbili za maili. Lakini sisi tu majirani wa ikweta, na hapa dakika hizo mbili zinalingana. Kati ya Bungoma na Kitale kuna dakika kama 27 kila upande. Mwanafunzi wa sekondari anayeijua kanuni ya Pithagorasi atapata maili 38, sawa na kilomita 70, kuelekea kaskazini-mashariki. Ndege ya maili 100 kwa saa huzimaliza kwa dakika 23. Hesabu nyepesi namna hii humlaza rubani, ilhali kushoto kwake umesimama Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, zaidi ya futi 14,000.

Njia ya Kitale hadi Nairobi inalionyesha jambo hili kwa uchungu zaidi. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale ilianguka katika milima ya Aberdare, na watu wote 10 waliokuwamo wakafariki. Kueleza sababu ni kazi ya wachunguzi, nami siigusi. Naomba tuitazame ramani yenyewe. Mstari ulionyooka wa maili zipatazo 180 hupita karibu na Naivasha, na Aberdare iko kama maili 12 mashariki mwake. Kosa la digrii moja humtoa rubani maili moja nje ya njia katika kila maili 60. Kwa hiyo, baada ya maili 130, digrii sita zinatosha kumfikisha mlimani. Uwanja wa kuondokea una futi 6,100, wa kutua futi 5,300. Anayesoma ncha hizo mbili peke yake hawezi kukisia kwamba pembeni mwa njia yake kilele cha Kinangop, huko Aberdare, kinakaribia futi 13,000.

Ipo hoja kwamba satelaiti zimeshamaliza kazi ya ramani. Nakubali kwamba chombo cha satelaiti hujua mahali ndege ilipo vyema kuliko jicho lolote, na chombo cha kuonya dhidi ya mlima kimeokoa maisha ya wengi. Lakini onyo huja wakati nafasi ya kuchagua imekwisha kupungua. Ndege ndogo inayopanda futi 500 kwa dakika huhitaji dakika tatu kupata futi 1,500, na katika dakika hizo imeshakwenda maili tano mbele. Ndani ya wingu, maili tano za bonde huenda zisiwepo. Kimo cha chini kabisa cha kila kipande cha safari, basi, kiandikwe kwa penseli injini ikiwa bado imezimwa.

Wengine watasema: si apande juu sana tu, yaishe? Kimo kina gharama yake. Hewa ya kawaida katika futi 6,000 hukadiriwa kuwa na nyuzijoto 3. Kitale ikifika 25 mchana, hewa huwa nyepesi kana kwamba uwanja uko zaidi ya futi 8,500. Ndege hukimbia zaidi kabla ya kuinuka, na hupanda kwa kujikokota. Juu ya futi 10,000 oksijeni inaanza kumpungukia rubani mwenyewe, na akili ikapungua kabla hajahisi. Mwenye injini ndogo na mzigo kamili ana sababu nzuri ya kuondoka Kitale asubuhi na mapema, kabla jua halijaipasha hewa moto na kabla mawingu ya alasiri hayajaifunika milima.