Uchovu Haupimwi kwa Tani



Sisi wa reli twajua usingizi hauna huruma. Wenzetu wa Ulaya huendesha vani za vifurushi toka Polandi hata Hispania, na wengi hulala katika kisanduku juu ya kiti cha dereva. Sheria ya 2006 ilimpa dereva wa lori mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu. Vani isiyozidi tani 3.5 pamoja na mzigo iliachwa nje, na matajiri wakapata mlango. Vyama vilidai; sheria ya 2020 ikaamuru kwamba tangu 1 Julai 2026, vani izidiyo tani 2.5 ikivuka mpaka na mizigo ya watu, nayo ifuate saa hizo.

Ndugu, kabla ya kutia sahihi mapatano yetu, tuulize: nani ameachwa nje?