Simba, Yanga na Buibui wa Tuta la Sita

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa chakula, Balangdalalu, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani.)



Kamati iliponiandikia iliniomba nizungumze juu ya moja kati ya mambo mawili, michezo au bustani ya shule. Nilijibu kwamba kwangu mimi mambo hayo hayatengani, na kwamba nikisema moja nitakuwa nimeficha nusu ya habari. Nashukuru Kamati imenikubalia. Nitajitahidi nisiwachoshe, maana nimeona sufuria za pilau zikipita pale dirishani, na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi hapa najua macho yenu yako wapi.

Nilifika hapa Januari 1992, nikiwa na sanduku la bati na jembe, kama tulivyoagizwa. Mkoa wa Manyara ulikuwa haujazaliwa; tulihesabiwa watu wa Arusha mpaka mwaka 2002. Upepo wa kutoka Mlima Hanang ulikuwa huuhuu mliousikia asubuhi ya leo. Na bweni letu lilikuwa na mstari katikati. Mstari huo haukuchorwa na mtu, lakini kila mgeni aliuona: vitanda vya upande wa mlangoni vilikuwa vya Simba, vya upande wa ukutani vilikuwa vya Yanga.

Vijana mtacheka nikiwaambia kwamba hakuna hata mmoja katika bweni lile aliyewahi kuiona Simba au Yanga ikicheza. Dar es Salaam tuliijua kwenye ramani. Lakini tulijua kwamba Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na wenzao mwaka 1936, na kwamba Simba iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Watu wa Yanga walitukumbusha mabao 5 kwa 0 ya mwaka 1968, nasi tukawajibu kwa 6 kwa 0 ya Julai 1977, siku Abdallah Kibadeni alipofunga mabao matatu peke yake. Mimi Julai 1977 nilikuwa bado tumboni mwa mama yangu. Hata hivyo nilisimulia mabao yale kana kwamba nilikuwa nimesimama nyuma ya goli.

Sasa nije kwenye bustani. Kila wanafunzi wawili walipewa tuta. Langu lilikuwa la sita kutoka bombani, na mwenzangu alikuwa kijana mmoja, mtoto wa mfugaji kutoka upande wa Ziwa Balangida. Jina lake sitalitaja, kwa sababu sikumwomba ruhusa. Alikuwa Yanga. Katika tuta la sita hilo halikuwa na maana, kwa kuwa tulikuwa na kabichi, mchicha na figili, na tulikuwa na ndoo moja.

Mwenzangu huyu alikuwa na tabia moja ambayo wengine waliicheka. Alikuwa haui buibui. Akimkuta kwenye njia ya kupita, humpandisha juu ya kijiti na kumhamishia penye kabichi. Alikuwa mtoto aliyezoea kukaa peke yake na ng'ombe mchana kutwa, na mtu wa namna hiyo hujifunza kutazama. Alinionyesha yule mkubwa mwenye mistari ya njano na nyeusi, anayekaa kichwa chini katikati ya utando, miguu yake ameipanga miwilimiwili mfano wa herufi X. Alinionyesha vifuko vya mayai vilivyoning'inia pembeni. Kifuko kimoja cha buibui wa namna ile hubeba mamia ya mayai, lakini wakati ule hatukujua hesabu hiyo. Yeye alisema tu kwamba ni wengi.

Ndugu Mwenyekiti, rangi za Yanga mnazijua. Njano, kijani na nyeusi. Ndani ya majani mabichi ya kabichi, buibui yule alikuwa Yanga kamili, hata mwenzangu mwenyewe alikuwa akisema hivyo kwa utani.

Novemba 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Kule Abidjan walikuwa wametoka 0 kwa 0 na Stella. Tulibakiwa na mchezo wa nyumbani, na katika hesabu zetu za bwenini kombe lilikuwa limekwisha kuja. Tulichanga kununua betri za redio. Wale mliokuwapo mnakumbuka tulivyokaa, wengine sakafuni, wengine madirishani, hata watu wa Yanga wakaruhusiwa kuvuka ule mstari. Boli Zozo alifunga la kwanza, kisha akafunga la pili. Redio ikazimwa, nadhani na mtu wa Simba.

Mwenzangu wa tuta la sita hakucheka. Ningependa kuwaambia kwamba alicheka, maana ingenipunguzia aibu. Alinijia kitandani akanishika bega, akasema, "Pole, ndugu yangu." Basi. Na pole ile iliniuma kuliko zomeazomea yote ya upande wa ukutani.

Asubuhi, kabla ya kengele, nilichukua fimbo nikaenda bustanini. Nilivunja kila utando uliokuwapo. Wale wa njano niliwaponda mmoja mmoja, na vifuko vya mayai nilivikanyaga. Kisha nilirudi bwenini nikamwambia mbele za watu: "Nenda kawatazame Yanga wako."

Alikwenda, akakaa huko mpaka tukaenda darasani. Siku ya pili alimwomba mwalimu tuta jingine, akapewa. Majuma yaliyofuata wadudu mafuta walijaa kwenye kabichi zangu mpaka majani yakajikunja. Siwezi kuapa mbele yenu kwamba ni kwa sababu ya buibui, kwa kuwa na mvua nayo ilichelewa, na mimi peke yangu sikuweza kumwagilia kazi ya watu wawili. Tulikaa shule moja miaka miwili zaidi, mpaka tulipomaliza kidato cha nne mwaka 1995, bila kusalimiana. Tuliondoka siku moja, kwa gari moja, mpaka Katesh. Alishuka, mimi nikaendelea.

Sehemu ya maisha yangu baada ya hapo nitaipita haraka, maana haina cha kuwasaidia: chuo kikuu, ambako timu za mabweni zilitugawa upya kama watoto; ajira serikalini; halafu uhamisho wa kwenda Dodoma, pamoja na wengi wenu ninaowaona hapa. Mapenzi ya mpira hayakupungua. Mwaka 2003 Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa wa Afrika, kwa penalti mjini Cairo, nilipoteza sauti siku mbili. Mei 2012 tulipowafunga Yanga 5 kwa 0 nilikwenda kazini na tai nyekundu juma zima. Mkubwa wangu wa kazi, mtu wa Jangwani, alivumilia.

Kisha ikaja tarehe 5 Novemba 2023. Moja kwa tano. Kijana wangu wa mwisho, ambaye ni Yanga kwa sababu nisizozielewa, alikuwa anaruka sebuleni. Kesho yake jioni nilijivika bomba la kupulizia mgongoni nikaenda kwenye nyanya zangu nyuma ya nyumba. Nilijiambia nakwenda kuua wadudu, lakini kwa kweli nilikuwa natafuta cha kuua. Mtoto akanifuata, akainama, akasema: "Baba, kuna Yanga kwenye nyanya."

Alikuwa palepale, kichwa chini, miguu imepangwa miwilimiwili, njano na nyeusi.

Ndugu zangu, nilikaa chini juu ya ndoo. Ilikuwa imepita miaka 30, na nilimwona yule kijana wa Balangida kana kwamba amesimama kati ya mistari ya nyanya. Bomba nililivua, wala sikupulizia siku ile.

Tangu hapo nimesoma na kuuliza maafisa kilimo, na nitawaambieni machache, hasa ninyi mlio bustanini sasa. Buibui si mdudu kwa maana ya darasani. Ana miguu minane, wala hali majani yenu. Wa njano hungoja kwenye utando. Yuko mwingine asiyetega utando kabisa, hukimbia ardhini usiku na kuwinda, na jike lake hubeba kifuko cha mayai kwa nyuma, watoto wakitoka hupanda mgongoni kwake. Yuko mdogo arukaye, mwenye macho mawili makubwa mbele, ambaye ukimtazama naye hukutazama. Jamaa mmoja wa huyu mdogo anakaa kando ya Ziwa Victoria: mwaka 2005 watafiti waliokuwa Mbita, nchini Kenya, walieleza kwamba hupendelea kula mbu jike aliyekwisha kunyonya damu, na mwaka 2011 ikaelezwa kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Nilipolisoma hilo nilikumbuka bweni letu baada ya mazoezi. Tungalikuwa kule ziwani, wangetujia wote.

Kosa la wengi wetu ni kupuliza dawa kali inayoua kila kitu. Kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014, sote wenye nyanya tulipuliza kwa hofu, naye mara nyingi yumo ndani ya jani, dawa haimfikii vizuri. Aliye nje, yaani buibui, ndiye anayekufa. Baada ya hapo utitiri mwekundu huongezeka, kwa kuwa waliokuwa wakiula wamekufa. Tena utitiri huo nao hutandaza nyuzi nyembamba chini ya majani, na watu husema, "Buibui wameharibu nyanya!" Ana miguu minane naye, ni jamaa yao, lakini si yeye. Geuza jani utazame kwanza.

Sitaki niwatie chumvi. Buibui hana klabu. Hula kiwavi na humla nyuki pia, na nyuki tunamhitaji. Wako pia wa kuogopa, hususan yule mweusi au kahawia mwenye alama ya rangi ya machungwa au nyekundu chini ya tumbo, anayejificha chini ya vyungu na mbao. Usitie mkono mahali usipopaona. Jirani yangu mmoja wa Kondoa, mzee wa msikitini, hawagusi hata hao, kwa heshima ya yule aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thauri. Mimi huwahamisha kwa kijiti kirefu, kama nilivyoonyeshwa hapa.

Juu ya mchango wa jezi za timu yenu ya UMISSETA: nimetoa, na nimeleta pia mbegu za kabichi na figili, ziko kwa mwalimu wa kilimo. Ombi langu ni kwamba jezi zisiwe nyekundu wala njano. Na kwa kuwa Yanga walipoteza fainali ya Shirikisho mwaka 2023, nasi mwaka 2025, naamini upande wa mlangoni na upande wa ukutani sasa mna cha kuzungumza pamoja.

Jambo la mwisho. Namba ya simu ya mwenzangu niliipata kwa katibu wa Kamati, mwezi uliopita. Nilipojitaja, alinyamaza kwa muda mrefu, hata nikadhani mtandao umekatika. Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi, pamoja na lile la nyanya. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kumwuliza. Aliuliza tu: "Ulipulizia?" Nikamwambia, "Hapana." Akasema, "Vizuri," kisha akasema atajaribu kuja leo.

Kiti chake ni kile cha mstari wa tatu, ambacho mpaka sasa kiko wazi. Nimeambiwa gari la kutoka Katesh limechelewa. Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba ruhusa nikishuka hapa nitoke kidogo nikangoje barabarani. Pilau anzeni tu.