Kumbukumbu za Ukarabati wa Chuma Zifuate Mahali, Zisifuate Tarehe



Tarehe 11 Mei 2021, wakaguzi wa daraja la Hernando de Soto, linalovuka mto Mississippi mjini Memphis, Marekani, walikuta moja ya boriti kuu zinazofunga tao la daraja imepasuka karibu kukatika. Daraja lilifungwa siku hiyohiyo, na magari hayakurudi mpaka mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti. Baadaye ikabainika kwamba ufa ule ulionekana kwenye video ya droni ya Mei 2019, na hata kwenye picha ya mwaka 2016 iliyopigwa na mtu aliyekuwa akipita chini kwa mtumbwi. Asili yake ilikuwa kwenye weldi ya tangu kiwandani, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1973.

Nimeanza na Memphis kwa sababu ya kilichofuata. Wahandisi walipomaliza kuishika boriti ile isianguke, walikabiliwa na swali gumu zaidi: weldi zipi nyingine darajani zinafanana na hii? Ilibidi viungo vingine vya boriti hizo vipimwe kwa mawimbi ya sauti, na palipotiliwa shaka pakaongezwa mabamba. Swali la namna hiyo huulizwa kwanza masjala, halafu ndipo mashine ya kupimia inapandishwa juu. Masjala ikikaa kimya, hupimwa kila kiungo, kwa gharama na muda ambao mwenye mali hakuutarajia.

Sasa tuangalie tunavyokabidhi sisi wahandisi, wakandarasi na wasimamizi wa majengo. Fremu ya chuma ya ghala au jengo la ghorofa inapokamilika, mkandarasi huleta majalada kadhaa na flashi moja. Ndani yake ripoti za ukarabati wa weldi na boriti zimepangwa kwa namba ya ripoti ya kasoro, au kwa tarehe, au kwa jina la kampuni iliyopima. Mpangilio huo ulimfaa mkandarasi wakati wa ujenzi, kwa sababu ndivyo alivyofuatilia madai na malipo yake. Mtu atakayezihitaji ripoti hizo miaka kumi na mitano baadaye hatakuwa na namba ya ripoti wala tarehe. Atakuwa juu ya ngazi na tochi mkononi, akitazama mahali nguzo inapokutana na boriti. Anachokijua ni mahali tu.

Hoja yangu yote imo humo. Kila kumbukumbu ya ukarabati ipewe anwani ya mahali, na anwani hiyo iwe ndiyo njia ya kwanza ya kuitafuta: mstari wa gridi, ghorofa, alama ya boriti au nguzo, kisha upande wa kiungo. Tarehe, namba ya ripoti na jina la mchomeleaji vifuate nyuma. Jina la faili liandikwe kwa mpangilio huohuo, kwa mfano C7-GH2-B14-KASKAZINI-2026, ili hata kompyuta ikipanga mafaili kwa alfabeti, matengenezo yote ya kiungo kimoja yasimame pamoja. Fundi asiyejua programu yoyote ya kisasa ataweza kuyapata.

Kuna kikwazo ambacho hatukitilii maanani. Alama za kuunganishia zilizogongwa au kuandikwa kwenye chuma karakanani hupotea chini ya rangi, na kwenye majengo mengi hufunikwa kabisa na rangi ya kuzuia moto au dari. Michoro inasema B14, lakini aliyesimama chini ya boriti hana namna ya kujua kwamba hiyo ndiyo B14. Kwa hiyo mistari ya gridi iandikwe kwenye nguzo zenyewe, kwa kibao kidogo kisichoshika kutu, kwenye kimo ambacho mtu anaweza kusoma. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kukodi jukwaa kwa siku moja. Pwani ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula chuma kwa kasi na rangi hurudiwa mara nyingi, kibao hicho kina kazi kubwa zaidi, kwa sababu kila kupaka upya ni nafasi nyingine ya kupoteza alama.

Ndani ya kumbukumbu yenyewe kuwe na nini? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo tunapopungukiwa zaidi. Ukarabati mzuri wa weldi haubaki na dalili: sehemu mbovu imechimbwa, imechomelewa upya, imesawazishwa kwa grainda na kupakwa rangi. Jicho haliwezi kuitofautisha na sehemu isiyoguswa, lakini chuma chenyewe kimeshapata joto mara ya pili na kimebaki na mikazo ya ndani. Kiungo kilichorudiwa mara mbili au tatu si sawa na kilichorudiwa mara moja. Kwa hiyo iandikwe kasoro ilikuwa nini, ilikuwa na urefu na kina gani, ilichimbwa kwa njia gani, na kabla ya kujaza upya nani alithibitisha kwamba ufa wote umetoka. Iandikwe aina ya elektrodi, kama E7018 au nyingine, na zilivyohifadhiwa zisinyonye unyevu, kwa sababu hidrojeni inayotokana na unyevu inaweza kupasua chuma saa nyingi baada ya weldi kupoa. Kwa sababu hiyohiyo, muda kati ya kuchomelea na kupima nao uandikwe. Viongezwe pia joto la kupashia kabla ya kuchomelea, matokeo ya vipimo vya mwisho, na ni mara ya ngapi mahali hapo panatengenezwa.

Boriti au nguzo iliyonyooshwa kwa moto inahitaji uangalifu wa pekee. Foklifti hugonga nguzo ya ghala, fundi akainyoosha kwa moto wa gesi, kazi ikaisha. Kanuni ya Marekani ya uchomeleaji, AWS D1.1, inaweka ukomo wa nyuzi 650 za Selsiasi kwa vyuma vya kawaida na 600 kwa vile vilivyoimarishwa kwa kupozwa ghafla na kupashwa tena. Joto likipita hapo, chuma kinaweza kupoteza sehemu ya sifa alizozitegemea msanifu. Mhandisi atakayekuja kuongeza mzigo juu ya nguzo hiyo ana haki ya kujua kwamba iliwahi kunyooshwa, na kwa joto gani.

Picha ni muhimu, lakini picha ya weldi peke yake haimsaidii mtu. Weldi zote hufanana. Picha ipigwe ikiwa na kibao chenye anwani ya mahali na rula ya kipimo, kisha nyingine kutoka mbali inayoonyesha kiungo kilivyo kwenye fremu. Risiti za mashine zinazochapwa kwenye karatasi ya joto zitolewe nakala mapema, kwa sababu hufifia. Mafaili ya kompyuta yawe ya PDF, yasiyohitaji leseni ya programu fulani kufunguliwa, na nakala moja ya karatasi ya rejesta ikae jengoni.

Yote haya hayatafanyika kwa hisani. Tunaotumia mkataba wa FIDIC wa kitabu chekundu cha 1999 tusome vizuri kifungu 4.1: sharti la kuwasilisha nyaraka za kazi ilivyojengwa kabla ya makabidhiano linahusu sehemu ambayo mkandarasi ameisanifu mwenyewe. Fremu ya chuma ikiwa imesanifiwa na mhandisi mshauri, tusidhani kwamba kifungu hicho kitamfunga mkandarasi. Masharti mahususi ya mkataba ndiyo yaseme wazi kwamba rejesta ya ukarabati, iliyopangwa kwa mahali, ni sehemu ya kazi, na kwamba hati ya makabidhiano haitolewi mpaka ipokelewe. Hati hiyo ndiyo inayofungua nusu ya kwanza ya fedha za zuio, kwa hiyo sharti litakuwa na nguvu.

Mkabidhiwa naye aijaribu rejesta kabla ya kusaini. Achague viungo vichache kwa kubahatisha, vikiwemo visivyowahi kutengenezwa, kisha amwite mtu ambaye hakuwepo wakati wa ujenzi, mtunza masjala au fundi wa jengo, amwambie atafute historia yake bila kumpigia mkandarasi simu. Kwa kiungo kisichoguswa, rejesta itamke kwamba hakuna ukarabati uliofanyika. Nafasi iliyoachwa wazi inaweza kumaanisha pako salama, au mtu alisahau kuandika, na msomaji wa baadaye hana njia ya kutofautisha.

Baada ya hapo rejesta iwe ya mwenye jengo, na iendelee kuandikwa. Matundu yanayotobolewa kwa ajili ya mabomba, vyuma vinavyochomelewa kubebea matangi ya maji na viyoyozi, bamba linaloongezwa palipoliwa na kutu, vyote viingie kwenye anwani zilezile, na mafundi wa nje wasilipwe kabla karatasi yao haijafika masjala. Napendekeza jina na cheo cha mhusika viandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa rejesta, pamoja na chumba na kabati ilipo, na taarifa hizo zirekebishwe siku ileile mtumishi anapohamishwa.