Neno Moja, Chapa Mbili: Utambuzi wa Mbinu za Uchapaji katika Stempu za Zanzibar



Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha hufunzwa kuuliza neno lina maana gani na limetoka wapi. Ni nadra afunzwe kuuliza neno hilo lilifikaje juu ya karatasi. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba swali hili la pili nalo ni la taaluma ya lugha, na kwamba asiyeliuliza hupoteza ushahidi. Mfano uliochaguliwa ni stempu za posta za Zanzibar.

Chapa nne

Kiswahili hutumia neno moja, chapa, lenye asili ya Kihindi, kwa kila aina ya maandishi ya mtambo. Hata hivyo, stempu huchapwa kwa mbinu kuu nne, na kila mbinu huacha alama yake. Kwa kuwa majina ya mbinu hizo hayajazoeleka, hapa zinapendekezwa istilahi zinazoeleza kile unachokifanya wino.

Ya kwanza ni chapa ya kuzama. Picha huchongwa ndani ya bamba la metali, mifereji yake hujazwa wino, uso wa bamba hufutwa, kisha karatasi hugandamizwa kwa nguvu hadi iufuate wino humo ndani. Mistari hubaki imeinuka juu ya karatasi, na ncha ya kidole huweza kuihisi. Ndivyo ilivyochapwa stempu ya kwanza ya Uingereza, Penny Black, mwaka 1840, na ndivyo zilivyochapwa stempu za Sultani Hamad bin Thuwaini mwaka 1896.

Ya pili ni chapa ya mwinuko. Hapa herufi ndizo zilizoinuka, kama zilivyo katika muhuri. Zinapogandamizwa, wino husukumwa pembezoni, hivyo ukingo wa herufi huwa mzito kuliko katikati yake, na mara nyingi mbonyeo huonekana nyuma ya karatasi.

Ya tatu ni chapa bapa, yaani litografia, inayotegemea mafuta na maji kukataana. Wino hulala sawasawa bila mwinuko wala mbonyeo. Ya nne ni chapa ya vishimo, yaani fotogravya, iliyoanza kutumiwa katika stempu za Uingereza mwaka 1934. Picha yote, pamoja na herufi, huvunjwa kuwa vitone vidogo mno. Chini ya lenzi, kingo za herufi huonekana kama meno ya msumeno. Katika chapa bapa picha nayo huweza kuwa na vitone, lakini kingo za herufi kwa kawaida hubaki laini.

Zanzibar, 1895

Posta ya Zanzibar ilipotoka mikononi mwa utawala wa India mwaka 1895, zilitumiwa stempu za India zilizopigwa jina la Zanzibar kwa juu. Kazi hiyo ilifanywa papo hapo kisiwani, katika matbaa ya gazeti la serikali, kwa herufi za kupangwa kwa mkono. Ndiyo sababu zipo stempu zilizoandikwa “Zanzidar”: kwa mpangaji anayesoma herufi kinyumenyume, b na d huchanganywa kwa urahisi.

Makosa hayo yamewavutia waghushi. Kwa kuwa chapa halisi ni ya mwinuko, jina lililolala bapa bila ukingo wa wino ni la kutiliwa shaka. Hata hivyo, kipimo hiki hukanusha tu, hakithibitishi. Mghushi naye aweza kutumia herufi za mwinuko.

Zanzibar, 1964

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu zilizokuwapo zilikuwa bado na picha ya sultani. Zilipigwa kwa muhuri wa mkono maneno JAMHURI 1964. Wino wake haulingani: hapa mzito, pale umefifia, maneno huweza kukaa upogo, na mahali pake hubadilika kutoka stempu moja hadi nyingine. Baadaye mwaka huohuo zilitolewa stempu zenye maneno yaleyale, yaliyopigwa kwa mtambo na kampuni ya Bradbury Wilkinson ya Uingereza. Hizi zimenyooka na kufanana.

Mwanaisimu atakayenakili maneno peke yake ataandika JAMHURI mara mbili na kudhani ana ushahidi mmoja uliorudiwa. Kumbe anao wa aina mbili: wa kwanza ni wa mkono uliokuwa na haraka, kisiwani penyewe, usiosubiri mchapaji wa mbali, wa pili ni wa serikali iliyokwisha kuagiza kazi yake kwa utaratibu. Maana ya kamusi ni ileile. Tendo la kusema silo.

Hitimisho

Leo nyaraka nyingi husomwa katika kompyuta, ambako mwinuko wa wino hauhisiki na nyuma ya karatasi haionekani. Kwa hiyo, anayehifadhi matini ya Kiswahili hana budi kuandika, kando ya maneno, namna yalivyochapwa. Ili afanye hivyo kwa Kiswahili, chapa haina budi kupata wasifu wake: ya kuzama, ya mwinuko, bapa, na ya vishimo.